Ganzi Inapoisha Usiku

Ganzi ya mkono hupimwa mara mbili. Kwanza mezani, pale mfupa unaponyooshwa au kidonda kinaposafishwa, na mgonjwa ametulia anaongea na muuguzi kana kwamba mkono ule si wake. Kisha usiku wa siku hiyohiyo, ganzi inapoachia. Kipimo hiki cha pili husahaulika, na kwa mtu wa Msangano ndicho kizito zaidi. Msangano iko bondeni, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, katika nchi ya mpunga ambayo maji yake hushuka kuelekea Ziwa Rukwa. Majeraha ya huko ni ya shamba na ya barabara: kiganja kilichokatwa na mundu, kigasha kilichovunjika pikipiki ilipoteleza kwenye tope, kifundo cha mkono cha mama aliyeanguka na mzigo kichwani. Kupanda kutoka huko hadi Tunduma, mji wa mpakani ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni, ni safari. Hadi hospitali ya mkoa pale Vwawa ni safari nyingine, na hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka Tunduma. Mgonjwa aliyechomwa ganzi asubuhi, akatengenezwa mkono na kuruhusiwa jioni, maumivu yakimrudia saa tano usiku hana dirisha la dawa la kugonga. Ana vidonge alivyofungiwa kwenye bahasha ya karatasi, basi.

Kwa sababu hiyo swali la viongezo vya ganzi, ambalo katika majarida ya kitabibu huonekana kama mashindano ya dawa kwa dawa, ni swali la watu wa Msangano pia. Kiongezo ni dawa ya pili inayotolewa pamoja na dawa ya ganzi ili ganzi ishike upesi, ikae zaidi, au iwe salama zaidi. Vimejaribiwa vingi, na mshindi mara nyingi hutangazwa kwa saa: kipi kimeongeza muda mrefu kuliko vingine. Ninashikilia kwamba saa peke yake ni kipimo kibovu kwa kituo cha mashambani. Kabla ya kuuliza kiongezo kinaongeza saa ngapi, tuulize kama kipo kabatini, dozi yake ikikosewa kinamfanya nini mgonjwa, na nani atakuwa karibu naye madhara yakitokea. Tukipima hivyo, deksamethasoni inayodungwa kwenye mshipa wa damu inatangulia, adrenalini inabaki na kazi yake ya zamani ambayo hakuna dawa iliyoipokonya, na nyingine, hata zile zenye sifa kubwa katika hospitali tajiri, zinarudi nyuma.

Adrenalini ndiyo kongwe. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokaini inaweza kutia jicho ganzi, na haikuchukua muda madaktari wakaanza kuichoma karibu na neva za taya na mikono. Lakini damu iliinyonya kokaini upesi, ganzi ikaisha mapema na sumu ikaenea mwilini. Mwaka 1903 daktari Mjerumani Heinrich Braun alieleza jinsi ya kuichanganya na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo dawa hukaa mahali ilipowekwa, ikiendelea kuziba milango ya sodiamu ambayo neva huitumia kupitisha ujumbe wa maumivu. Zaidi ya karne imepita na hesabu ya Braun bado inasimama, hasa kwa lignokaini, dawa iliyoundwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943 na ambayo leo karibu kila zahanati inaifahamu. Lignokaini yenyewe hupanua mishipa ya damu, ikajiharakishia safari ya kuondoka. Ikiwa peke yake, kipimo cha juu kinachokubalika sana ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili. Ikiwa na adrenalini, hupanda hadi 7.

Tofauti hiyo ina maana kubwa pasipo na altrasaundi. Kwa mtu wa kilo 60, miligramu 4.5 kwa kilo ni miligramu 270, yaani mililita 13 na nusu za lignokaini ya asilimia 2. Anayechoma ganzi kwapani kwa kupapasa mapigo ya ateri, bila kuona neva kwenye skrini, anahitaji ujazo wa mililita 30 hadi 40 ili dawa izifikie neva zote zinazouzunguka ule mshipa. Kwa adrenalini anaruhusiwa miligramu 420. Akiizimua lignokaini hadi asilimia 1, anapata mililita 42, na kazi inawezekana. Kwa hiyo faida ya kwanza ya adrenalini mashambani si kurefusha muda, ingawa inaurefusha. Inampa mtaalamu asiye na mashine nafasi ya kufikia neva bila kuvuka mpaka wa sumu. Faida ya pili ni kwamba inatoa tahadhari: sindano ikiwa imeingia kwenye mshipa wa damu bila kukusudia, mapigo ya moyo hupanda ghafla dawa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kusukumwa, na mkono wa mchomaji unasimama kabla ya bomba kwisha.

Hatari ya adrenalini iko kwenye kuipima. Kichupa cha kawaida kina miligramu 1 katika mililita 1, na kinachotakiwa kwenye ganzi ni mikrogramu 5 tu kwa kila mililita. Kwa bomba la mililita 20, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Kwa bomba la sindano la mililita 5 huwezi kupima kiasi hicho. Matone mawili yakizidi, dozi imeongezeka maradufu. Njia mbili hutatua shida hii. Ya kwanza ni bomba la insulini lenye vipimo 100 kwa mililita, ambalo ndani yake kipimo cha 10 ndicho hasa kiasi kinachotakiwa. Ya pili ni kumimina kichupa chote kwenye mililita 9 za maji ya chumvi, kisha kuchukua mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila mililita 20 za dawa ya ganzi. Njia ya pili ina hatua nyingi, lakini haidai bomba maalumu. Kituo kichague moja, kiiandike, na kila anayechanganya aifuate ileile, kwa maana kosa la mara kumi hutokea siku ambayo watu wawili wanachanganya kwa njia mbili.

Wapo watakaokumbuka onyo walilofundishwa chuoni, kwamba adrenalini isikaribie vidole kwa kuwa huua nyama ya ncha. Onyo hilo lilizaliwa enzi za prokaini na dawa zilizochacha chupani, na limepoteza nguvu. Mwaka 2005 Donald Lalonde na wenzake wa Kanada walichapisha matokeo ya upasuaji 3,110 wa vidole na viganja uliotumia adrenalini hafifu: hakuna kidole hata kimoja kilichooza. Tahadhari inabaki kwa mwenye mishipa ya damu iliyoharibika, mathalani mtu mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye vidole vyake vimeshaanza kufa ganzi vyenyewe, kwani neva iliyokwisha kupungukiwa damu haihitaji kubanwa zaidi.

Kwa bupivakaini, dawa nyingine ya ganzi, adrenalini haisaidii sana muda, kwa sababu dawa hiyo hushikilia neva kwa saa nyingi yenyewe. Hapa mtu anaweza kuuliza: kama tatizo ni usiku, kwa nini tusitumie bupivakaini, na muda ukipungua tuongeze dozi? Jibu liliandikwa mwaka 1979, pale George Albright wa Marekani alipotahadharisha juu ya mioyo iliyosimama ghafla baada ya bupivakaini kuingia kwenye damu, mioyo ambayo ilikuwa migumu kuirudisha. Tiba yake, mafuta ya kudunga mshipani ya asilimia 20, ilionyeshwa kwa panya mwaka 1998 na kuokoa binadamu katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2006. Mahali ambapo chupa ya mafuta hayo haiko ukutani, bupivakaini haiongezwi ili kununua saa. Kuna mtego mwingine pia. Bupivakaini iliyozoeleka kwenye vyumba vya upasuaji wa uzazi ni ile nzito, ya vichupa vya mililita 4 iliyotiwa glukosi, kwa ajili ya ganzi ya mgongo. Hiyo imetengenezwa ituame ndani ya maji ya uti wa mgongo, si kutandazwa kwapani. Kituo kisicho na bupivakaini nyepesi kifanye hesabu zake kwa lignokaini.

Kwa sababu dozi ya ganzi ina ukomo, watafiti waligeukia dawa za pili. Klonidini, ambayo kazi yake ya awali ni kushusha shinikizo la damu, ilikuwa kipenzi cha miaka ya 1990. Mwaka 2009 Daniel Pöpping na wenzake walikusanya majaribio 20 yenye wagonjwa 1,054 na kuona kwamba inaongeza takriban saa mbili za kutosikia maumivu. Walioipata walikuwa pia na uwezekano mkubwa zaidi wa kushuka shinikizo, kuzirai na kulemewa na usingizi. Saa mbili kwa gharama hiyo ni biashara mbaya kwa mtu atakayepanda pikipiki kurudi kijijini jioni.

Baada yake ikaja deksmedetomidini, nayo sifa zake ni za kweli. Mapitio ya mwaka 2017 ya majaribio 32 yenye wagonjwa 2,007 yalionyesha kwamba inaongeza muda wa kutosikia maumivu kwa zaidi ya nusu, na ganzi inashika upesi zaidi. Kama hoja ingeishia kwenye saa, deksmedetomidini ingekuwa fainali ikigombea kombe. Lakini mapitio hayohayo yaliona hatari ya mapigo ya moyo kupungua ikipanda zaidi ya mara tatu, na hatari ya shinikizo kushuka zaidi ya mara tano. Katika hospitali yenye mashine ya kufuatilia moyo kwa kila kitanda, hilo ni jambo la kushughulikiwa: muuguzi anaona namba inashuka, anadunga atropini, maisha yanaendelea. Katika chumba ambamo mtu mmoja anachoma ganzi, anaangalia mgonjwa, na kumsaidia mpasuaji kushikilia mkono, namba hiyo inaweza kushuka bila kuonwa. Kichupa chake kina mikrogramu 200 katika mililita 2, na dozi ya ganzi ni kama mikrogramu 50. Atakayeimimina yote kwa kudhani ni ya mgonjwa mmoja ametoa mara nne. Isitoshe, ni dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya kutuliza wagonjwa mahututi, si kwa ajili ya neva, na haina sababu ya kukaa kwenye kabati la kituo cha afya kwa kazi nyingine yoyote. Kuiagiza kwa ajili ya ganzi ya mikono michache kwa mwezi ni kuiagiza iishe muda wake rafuni.

Deksamethasoni ni habari tofauti kabisa, na inafaa tuitazame taratibu. Kwanza ipo. Wodi ya wazazi inaitumia kukomaza mapafu ya mtoto anayetaka kuzaliwa kabla ya wakati, na baada ya majaribio ya Uingereza ya Juni 2020 kuonyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, hata mtu wa kawaida alilisikia jina lake redioni. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ni ya bei ndogo. Pili, inafanya kazi. Mwaka 2014 Stephen Choi na wenzake walikusanya majaribio tisa yenye wagonjwa 801. Deksamethasoni ilipochanganywa na dawa ndefu za ganzi, muda wa kutosikia maumivu ulitoka dakika 730 hadi dakika 1,306. Ilipochanganywa na dawa za muda wa kati, jamii ya lignokaini, ulitoka dakika 168 hadi 343.

Tuziweke dakika hizo kwenye siku ya mgonjwa. Ganzi ya bupivakaini iliyochomwa saa nne asubuhi, ikiwa peke yake, inaachia saa nne usiku. Ikiwa na deksamethasoni inaachia kesho yake karibu saa mbili asubuhi, muuguzi wa zamu ya mchana akiwa ameshaingia na dirisha la dawa likiwa wazi. Kwa lignokaini, mgonjwa wa saa nne asubuhi ambaye angeanza kuumia kabla ya saa saba mchana anafika karibu saa kumi alasiri. Huo si usiku uliookolewa, lakini anapata muda wa kufungwa plasta, kula, kumeza vidonge vikaanza kazi, na kusafiri bila kila shimo la barabara kumpigisha yowe.

Sasa linakuja swali ambalo wataalamu wenyewe hawajakubaliana: deksamethasoni ichanganywe na ganzi na kumwagwa kwenye neva, au idungwe kwenye mshipa wa damu wa mkono mwingine? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yenye majaribio 35 na wagonjwa 2,702, yanatoa namba zinazostahili kusomwa kwa makini. Ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa, deksamethasoni ya kwenye neva iliongeza ganzi kwa saa 6.7. Ya mshipani, ikilinganishwa vivyo hivyo, iliongeza saa 6.2. Kwa hesabu hiyo tofauti ni nusu saa. Lakini majaribio yaliyozishindanisha mbili hizo uso kwa uso yalitoa ushindi wa saa 3.1 kwa ile ya kwenye neva. Anayetetea neva atasema ushindani wa moja kwa moja ndio wenye uzito, na kitakwimu ana haki. Namkubalia saa tatu zake. Swali langu ni zinanunuliwa kwa nini.

Zinanunuliwa kwa kumwaga kwenye neva kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya neva. Vichupa vingi vya deksamethasoni vina vihifadhi, na kile kinachofika kituoni leo kinaweza kuwa cha kiwanda kingine mwezi ujao, na vihifadhi vingine. Dawa yenyewe ina ualikali, na ikichanganywa na ropivakaini, dawa nyingine ya ganzi, imeonekana kutengeneza chembechembe ndani ya bomba. Zinanunuliwa pia kwa kuongeza hatua moja zaidi ya kuchanganya, kwenye bomba ambalo tayari lina adrenalini. Kila kitu kinachoongezwa kwenye bomba moja kinaongeza nafasi ya kukosea, na kosa la kwenye neva halivutwi nje. Sindano ya mshipani inatumia njia ambayo dawa hiyo imepita kwa miongo mingi, kwa dozi ambazo kila muuguzi amewahi kutoa. Kichupa cha miligramu 4 kinatosha kwa sehemu kubwa ya faida. Kuongeza dozi hakuongezi muda kwa uwiano. Idungwe polepole kwa mgonjwa aliye macho, maana ikisukumwa kwa haraka huleta muwasho mkali wa ghafla sehemu za siri, jambo linalomfedhehesha mgonjwa ambaye hakuonywa. Kama nyongeza ya bure, inapunguza kichefuchefu.

Ipo sababu nyingine ya kuipendelea njia ya mshipa, na kwa Msangano naiona kubwa kuliko zile saa tatu. Ganzi inapoachia, maumivu mara nyingi hayarudi kwa kupanda ngazi. Hurudi yote kwa mpigo, tena makali sana. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2021 na Garrett Barry na wenzake, wa wagonjwa 972, uliona hali hiyo kwa karibu nusu yao, asilimia 49.6. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari lilikuwemo hili: kutopewa deksamethasoni mshipani. Upasuaji wa mifupa nao ulikuwemo, na mifupa ndiyo kazi kubwa ya pikipiki. Kwa hiyo deksamethasoni haisogezi tu saa ya maumivu kurudi. Inayapunguza makali yanaporudi.

Viongezo vilivyobaki nitavipitia haraka, ingawa kimoja au viwili vina ushawishi wa hatari kwa sababu viko karibu. Magnesiamu salfeti iko kabatini kwa ajili ya kifafa cha mimba, na majaribio yanaonyesha inaongeza ganzi kwa kiasi. Lakini vichupa vyake ni vya dozi kubwa iliyokolea, na faida ni ndogo kuliko ya deksamethasoni. Ketamini ipo kila mahali na ni mkombozi wa upasuaji wa Afrika Mashariki kama dawa ya usingizi. Kwenye neva haijaleta faida ya maana, na maabara imeonyesha inaweza kudhuru chembe za neva. Midazolamu vivyo hivyo. Buprenofini hurefusha ganzi kweli, ikamtapisha mgonjwa. Bupivakaini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 na kuuzwa kwa bei ya juu, ilichunguzwa upya katika mapitio ya mwaka 2021 na ikaonekana haina ubora wa maana juu ya bupivakaini ya kawaida. Hakuna kituo cha Songwe kinachopaswa kujiona maskini kwa kuikosa hiyo.

Mtu anaweza kunikabili na pingamizi la jumla zaidi: kwamba kuzungumzia viongezo ni anasa mahali ambapo ganzi ya neva yenyewe haichomwi, kwa kuwa mtaalamu wa usingizi ni muuguzi mmoja aliyesomea fani hiyo mwaka mmoja, na muda wake wote unakwenda kwenye upasuaji wa uzazi. Pingamizi hili ni la haki. Uhaba wa wataalamu ni mkubwa kuliko jambo lolote lililoandikwa hapa. Lakini tazama njia zilizobaki kwa mkono uliovunjika: ketamini, ambayo inahitaji mtu akae na mgonjwa hadi azinduke, nusukaputi, ambayo inahitaji mashine, au kumvuta mgonjwa mkono huku watu wawili wamemkandamiza kitandani. Kuliko hizo zote, ganzi ya kwapani ndiyo inayomrudishia yule muuguzi mmoja muda wake upesi. Na kati ya mambo yote yanayoweza kuboresha ganzi hiyo, kuanzia altrasaundi hadi ajira mpya, uamuzi wa kutumia kichupa ambacho tayari kiko wodi ya wazazi ndio usiosubiri bajeti ya mwaka ujao.

Yapo pia mapingamizi juu ya deksamethasoni yenyewe. Kuhusu sukari, ni kweli huipandisha kwa siku moja hivi. Mwenye kisukari apimwe kabla na baada, na ambaye sukari yake tayari iko juu sana asipewe. Kuhusu kidonda kuoza, hofu ya madaktari wengi ni kwamba dawa ya jamii ya steroidi, kama hii, hulegeza kinga, na vidonda vya shambani huja na udongo ndani. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, lililowahusisha pia wagonjwa wa Afrika Kusini, liliwapa nusu ya wagonjwa miligramu 8 za deksamethasoni na nusu nyingine dawa bandia. Jumla walizidi 8,700. Maambukizi ya kidonda yalikuwa asilimia 8.1 kwa waliopewa na 9.1 kwa wasiopewa. Dozi tunayoizungumzia hapa ni nusu ya hiyo, mara moja tu. Udongo hutolewa kwa maji mengi na kisu, na mwenye kupuuza kuosha kidonda asije akailaumu sindano.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mkono unaovimba. Kigasha kilichovunjika mifupa yote miwili, au kilichopondwa, kinaweza kuvimba ndani ya vifuko vya misuli hadi damu ishindwe kupita, na misuli ikafa ndani ya saa chache. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, hasa vidole vikinyooshwa. Ganzi ndefu inaifunika dalili hiyo usiku kucha, na kijana anaamka na kiganja kilichokufa. Hapa sitetei deksamethasoni. Kwa mgonjwa wa namna hiyo muda mrefu ni adui, na kiongezo chake ni adrenalini tu, juu ya lignokaini, ili ganzi imalizike mchana akiwa bado kituoni na vidole vyake vikaguliwe. Deksamethasoni ni ya kifundo kilichonyooshwa bila uvimbe mkubwa, ya kano zilizoshonwa, ya kiganja kilichokatwa. Nao hao waambiwe mambo mawili kabla ya kuondoka: mkono usiohisi ukae kwenye kitambaa cha shingoni, mbali na mafiga, kwa sababu utaungua bila mwenyewe kujua, na vidonge vya kwanza vimezwe kabla ya kulala, ganzi ikiwa bado ipo, bila kusubiri maumivu yaanze. Yule wa kigasha kilichopondwa plasta yake isizungushwe mkono mzima, ifungwe upande mmoja; mkono uinuliwe juu ya mto, na hata kama ndugu wameshaleta pikipiki mlangoni, alale kituoni usiku huo.